Matobolwa ya Maganga

Mwalimu Roza alimwaga chakula cha mwanangu chini mbele ya darasa zima, na mwanangu akachuchumaa akaanza kukiokota.

Hakulia. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtoto wa chekechea akimwagiwa chakula hulia, hugaragara, huita mama. Kabula alichuchumaa pale uwanjani, shuleni kwao Mtendeni, akaokota kipande kimoja kimoja, anapuliza vumbi, anaweka kwenye sketi. Wenzake walikuwa wanacheka na kumwita kuku. Mimi nilikuwa nimefika getini na sweta aliyoisahau nyumbani.

Chakula chenyewe kilikuwa matobolwa na dagaa. Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Vinakaa ndani ya gunia hata mwaka. Mimi huviloweka mpaka vilainike, halafu navichanganya na dagaa waliotwangwa wakiwa wakavu, ndimu, na mawese kidogo. Moto sigusi. Najua haviendani. Najua watu wazima na akili zao wanakula matobolwa na karanga au na chai. Mwanangu anapenda hivyo, na nina sababu ya kumpa hivyo.

"Mama Kabula, hili tulishaongea," Mwalimu Roza aliniambia, bakuli tupu bado liko mkononi mwake. "Watoto walete chakula cha maana. Hiki kinanuka, wenzake wanashindwa kula. Chakula cha shida hiki, dada yangu."

Kwenye meza yake, palepale uwanjani, palikuwa na kikombe cha chai ya maziwa. Nilikichukua, nikaimwaga chai palepale chini, nikamwambia, "Haya, okota."

Nitaeleza. Ila siombi radhi kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Puge. Nilimaliza kidato cha nne nikaolewa na Maganga, kijana wa Isevya, Tabora mjini, aliyekuwa anafanya biashara ya mchele na asali. Soko lake lilikuwa Uvira, Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mzigo unapanda treni Tabora, unashuka Kigoma, unavuka kwa boti. Baadaye tukahamia hukohuko. Kabula alizaliwa Uvira.

Siku moja kabla mambo hayajaharibika naikumbuka kwa sababu haikuwa na chochote cha kukumbukwa. Mama yangu alikuwa ametuletea gunia la matobolwa kutoka Puge. Maganga alikaa kwenye kibaraza akichovya kipande kwenye asali, anaweka dagaa mmoja juu yake, anatia mdomoni kwa fahari. Alikuwa mtu wa hivyo. Ukoko wa ugali aliuloweka kwenye mchuzi wa maharage akauita pilau. Jirani yetu, Mama Furaha, alikuja kuomba chumvi akatukuta.

"Mama Kabula, leo tena munakula mbao?"

"Mbao hizi zina sukari, jirani," Maganga alimjibu. "Onja."

Mama Furaha alionja. Alitafuna muda mrefu, akatazama juu, akameza. Kisha akanigeukia mimi.

"Bwana yako iko na mimba," alisema.

Tulicheka mpaka Kabula naye akacheka, na hakuwa anajua anacheka nini. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea vizuri.

Kesho yake mizinga ilisikika mlimani. Soko likafungwa. Watu wakaanza kuondoka, wengine kwa miguu, na Mama Furaha alipita mbele ya nyumba yetu na godoro kichwani bila kugeuka. Sisi tulibaki kwa sababu boti zilikuwa hazitoki na barabara ndiyo iliyokuwa inapigwa. Ukiniuliza waliokuwa wanapigana ni nani na nani, sitakujibu. Waliokuja kwetu walikuwa na bunduki na hawakujitambulisha.

Kundi la kwanza lilichukua mchele wote na asali yote. Gunia la matobolwa hawakuligusa.

Tulijifunza upesi kwamba moshi unasema. Nyumba inayotoa moshi ina chakula, na wapiganaji walikuwa wanafuata moshi. Nikaacha kuwasha jiko. Matobolwa nikayaloweka kwenye maji baridi. Dagaa niliwasaga kwenye kinu kwa kuwakandamiza, maana nikitwanga ningesikika. Mawese yalikuwa yamebaki kwenye chupa, na uani palikuwa na mndimu. Nilichanganya nilichokuwa nacho. Kabula alikataa mara ya kwanza, akatema. Njaa ilipomshika alikula, na akawa ananyamaza anapotafuna. Matobolwa hutafunwa taratibu. Mtoto anayetafuna halii.

Halafu wakaja wengine, mchana.

Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye gunia. Akatoa kipande, akakigonga ukutani. Kikalia kama ubao.

"Iko nini hii?"

Nilikuwa nimemkumbatia Kabula. Nikisema chakula, kimekwenda.

"Dawa," Maganga alisema.

"Dawa ya nini?"

"Ya tumbo."

Yule mtu alikitazama kipande. Akakinusa.

"Unaitwa nani?"

"Maganga."

Akawageukia wenzake. "Munganga," akasema.

Walilimwaga gunia lote chini kuona kama kuna kilichofichwa ndani. Hakikuwepo. Wakapita juu ya viazi na buti zao, wakatoka.

Tukachuchumaa wote. "Okota, mama," nilimnong'oneza Kabula. "Taratibu. Usilie." Aliokota kipande kimoja kimoja, ananipa, mimi napuliza vumbi. Maganga alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanamtikisika.

"Jina la babu limetulisha," aliniambia. "Nimekuwa mganga hata sijaoteshwa."

Hapo ndipo tulipokosea. Kwetu Tabora mganga ni mtu wa mizizi na hirizi. Kule munganga ni daktari, yule wa hospitali, mwenye sindano. Neno hilo tulikuwa tunalijua. Tulikuwa tumempeleka Kabula kwa munganga alipoumwa masikio. Lakini siku ile tulilisikia kwa masikio ya Tabora, na tukafurahi kwamba tumewadanganya watu wenye bunduki.

Kesho yake walirudi.

"Munganga iko wapi?"

Walikuwa na majeruhi mlimani. Maganga aliwaambia hajui kutibu, yeye ni mfanyabiashara.

"Jana ulisema iko dawa."

Alinitazama. Akatazama gunia. Nilimfahamu mume wangu, nilijua anachopima. Akisema ni viazi, gunia linakwenda, na wao wanajua walidanganywa.

"Ni dawa," alisema.

Akavaa shati. Akajaza matobolwa kwenye mfuko mdogo mbele yao, taratibu, kama mtu anayepima kweli dozi. Mlangoni aliniambia kwa Kinyamwezi, ili wasielewe, niloweke ya kesho na nisimngojee kula.

Nililoweka.

Hakurudi.

Gunia lile lilitulisha mimi na Kabula mpaka boti zilipoanza kutoka. Nilichanganya matobolwa na embe bichi, na majani ya mlonge, na dagaa mpaka dagaa wakaisha, kisha na chumvi na ndimu peke yake. Sikupata mtu wa kunieleza Maganga aliishia wapi. Niliuliza kwa kila aliyeshuka mlimani. Mmoja aliniambia kwamba walimwona mtu akiwapa majeruhi vitu vitamu vya kutafuna. Ninaamini alikuwa yeye. Zaidi ya hapo sijui.

Tulirudi kwa boti na treni, nikafikia Isevya kwa mama mkwe. Mpaka leo hajakubali tukae matanga. Anasema mtu ambaye mwili wake haujaonekana hajafa. Sibishani naye. Kila mwaka viazi vikishavunwa mama ananiletea matobolwa kutoka Puge, na mama mkwe ananisaidia kuyahifadhi. Hanisemi ninapoyachanganya na dagaa. Siku moja tu aliniuliza, "Mwanangu naye alikuwa anapenda hivi?" Nikamwambia alikuwa anaongeza asali.

Nimewahi kupima nilichopata na nilichopoteza. Bila neno lile, dawa, gunia lingekwenda na Maganga angebaki na sisi. Au tungekufa na njaa wote watatu. Au wangempata tu kwa sababu nyingine, maana wanaume wengi wa mtaa ule walichukuliwa na hawakuitwa Maganga. Nimegeuza hivi, nimegeuza vile. Hesabu haitoki sawa.

Kwa hiyo mtu akiniambia hiki ni chakula cha shida, namwambia ndiyo, na shida yenyewe ninaijua kwa sura.

Siku ile ya chai, mkuu wa shule aliniita ofisini, Mwalimu Roza amekaa pembeni anajifuta macho.

"Umemdhalilisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake," mkuu alisema. "Muombe radhi tuyamalize hapahapa."

"Na yeye amwombe Kabula."

"Mama Kabula, yule ni mtoto."

"Ndiyo, mwalimu. Ndicho nilichokuja kusema."

Hatukumaliza. Nikamvika mwanangu sweta, nikatoka naye mpaka kwa afisa elimu wa kata. Mzee mpole, amechoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza tangu Uvira mpaka kwenye kikombe cha chai. Kabula alikuwa amekaa sakafuni anakula vile vipande alivyoviokota. Sikumzuia. Afisa alimtazama kidogo, akavua miwani, akaivaa tena.

"Pole, binti yangu," alisema. "Lakini nikipeleka juu habari za Kongo watasema huyu mama ana yake. Niandikie mambo matatu. Nini kimetokea, hasara ni nini, unaomba nini. Basi."

Nikaandika barua kwenye kona ya meza yake. Aliisoma, akaigonga muhuri, akanipa nakala. Hii hapa, kama ilivyo.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MWALIMU KUMWAGA CHAKULA CHA MTOTO

Mimi ni mzazi wa Kabula Maganga, mwanafunzi wa chekechea. Leo asubuhi mwalimu wake alimwaga chini chakula chake mbele ya wenzake. Mtoto alikiokota, na mwalimu hakumzuia wala hakuwakataza waliokuwa wanamcheka. Mimi niliimwaga chai ya mwalimu. Hilo nakiri, na chai nitamrudishia.

Hasara ni bakuli moja la matobolwa na dagaa. Hasara nyingine ilitokea kabla mtoto hajaanza shule, na shule haihusiki.

Ninaomba mwalimu akikataa chakula cha mtoto huyu, alifunike bakuli na kumrudisha nalo nyumbani. Kisimwagwe chini. Kikimwagwa chini ataokota, na hataacha mpaka kipande cha mwisho.