Mwaka Ambao Mashine Haiujui

Ofisini walimwita Mama Mitambo, kwa kuwa ndiye aliyesimamia programu ya kuandikisha wagonjwa katika zahanati zote za mji. Programu yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya mbali, na mkataba ulikataza mtu mwingine yeyote kuigusa. Kifungu hicho alikipigania yeye mwenyewe, akihofia wafanyakazi wake wangeivuruga.

Asubuhi hiyo mama yake alipiga simu kutoka zahanati. "Mwanangu, mashine inasema mwaka niliozaliwa haupo."

Kuisoma programu aliruhusiwa. Akaifungua, akaliona kosa papo hapo: mstari mmoja tu, ambao angeurekebisha chai yake ikiwa bado ya moto. Mikono ikabaki mapajani. Akampigia msimamizi wa kampuni ile, mtu mpole hadi anaudhi.

"Tumelipokea, dada. Litaingia kwenye awamu ijayo ya marekebisho."

"Awamu ijayo ni lini?"

"Ikiisha hii."

Simu ya mama ikalia tena. "Wananiruka tu hapa. Hebu waambie, si wewe ndiye bosi wao?"

"Mimi ndiye, mama," alijibu. "Endelea kukaa hapo hapo."