Siku Niliyokalia Gogo la Ndiva

Naomba nikiri mwenyewe, maana nisipokiri atawasimulia mtu mwingine na ataongeza chumvi: mimi, mama wa watoto wawili, mwanakwaya wa sauti ya pili, niliwakaushia maji majirani zangu hapa kijijini Mhezi kwa sababu ya mchezo wa simu. Tena ni hii michezo ya kwenye brauza, unaifungua tu bila kupakua kitu, bando haliumii, ukimaliza unafunga na hakuna anayejua (ndivyo nilivyokuwa najidanganya).

Na msinione mgeni, naijua karibu yote. Ule wa kupasua mapovu ya rangi ni wa mtu anayesubiri maji ya ugali yachemke, hauna akili hata kidogo. Wa nyoka usiucheze ukiwa na hasira, utaitupa simu. Wa kuunganisha namba ni mzuri ila unakufanya ujione una akili kuliko ulivyo. Wa shamba sitaki hata kuusikia, nyanya inaiva kwa sekunde kumi, aliyeutunga hajawahi kushika jembe. Na ile inayokukatiza kila dakika kwa tangazo ni wizi mtupu. Lakini wa mabomba, jamani. Unapewa vipande vya bomba vimetawanyika, unavigeuza kimoja kimoja mpaka maji yafike kwenye ua, ua linachanua, basi, unatulia moyo. Huo ndio ulionimaliza.

Sasa huku kwetu maji ya kumwagilia yanateremka kutoka juu kwa mfereji na kuingia kwenye ndiva, yaani bwawa la mawe na udongo walilotuachia mababu. Jioni tundu lake linazibwa kwa gogo na matope, ndiva inajaa usiku kucha, asubuhi mwenye zamu anafungulia maji yanakwenda shambani kwake. Zamu ni mara moja kwa wiki, ukiikosa umeikosa. Mzee anayeitunza alikuwa ameteremka Same mjini kutazamwa macho, akaniachia kazi mimi kwa kuwa nyumba yangu ndiyo iliyo karibu.

"Mama Eliya, saa kumi na mbili uzibe, basi," aliniambia. "Kesho ni zamu ya Mama Nanzia."

Mama Nanzia ni jirani yangu, mjane, na maharage yake yalikuwa yametoa maua huku jua limeyakaba wiki nzima. Kila mtu alijua akiyakosa maji ya asubuhi ile hana maharage mwaka huo.

Nikaenda mapema (mnaona nilivyo mwema). Saa kumi na moja na nusu nipo pale, nikasema ngoja nicheze leveli moja tu wakati nasubiri, na kwa kuwa majani yalikuwa na unyevu nikatandika kitenge juu ya gogo lenyewe, nikakaa. Leveli ya thelathini na nane ikaisha, ya thelathini na tisa ikaisha, ya arobaini ikanigomea, napinda bomba huku, napinda kule, mara giza linaanza kuingia na mume wangu ananiita nikale, na palepale maji yakafika kwenye ua. Nikanyanyuka nimefurahi, nikaenda zangu. Kichwani mwangu kazi ya maji ilikuwa imekwisha, nawaapia, na nilikula na kulala kama mtu aliyetenda haki.

Asubuhi nasikia watu wanaongea nje. Natoka, namkuta Mama Nanzia amesimama ukingoni na jembe begani, ndiva imebaki matope na vyura, kimchirizi chembamba cha mfereji kinapita katikati. Watu wakakusanyika, mmoja akasema hawa ni wenzetu wa juu, wameyageuza maji usiku. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na mdomo niliufungua kabisa ili niseme, lakini kilichotoka ni, "Na siyo mara ya kwanza," tena kwa sauti ya kwaya.

Basi tukapanda mlima watu kama ishirini, majembe begani, mimi mbele (ndiyo, mbele), mpaka kwa Mzee Elinaja anayesimamia mfereji kule juu. Tukamkuta anakunywa uji. Tukampa shikamoo ya hasira, akaitika marahaba, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatupeleka kwenye mfereji. Maji yalikuwa yanateremka kuelekea kwetu kama kila siku.

"Haya hayajaguswa tangu jana," akasema. "Kule kwenu jana aliziba nani?"

Wote wakanigeukia. Nikasema nimeziba mimi, kwa mikono yangu. Mkwe wa mzee alikuwa amekaa pembeni anachambua mboga, akainua kichwa.

"Dada, si wewe niliyekupita jana jioni pale kwenye ndiva? Nilikusalimia mara mbili hukuitika. Ulikuwa umekalia gogo, unaiambia simu, pinda, pinda wewe."

"Amekalia gogo gani?" akauliza Mama Nanzia, taratibu.

Nikasema yote, kwamba tundu sikuliziba na maji yalipita usiku kucha yakaishia korongoni. Mzee Elinaja akanyoosha mkono.

"Hebu tuuone huo mchezo."

Nikampa simu, na watu wazima ishirini wenye majembe wakamzunguka kutazama. Akageuza vibomba kwa kidole kimoja, amekunja uso, mwisho akatikisa kichwa. "Maji yanapanda mlima yenyewe. Huyu aliyeutunga hajawahi kuchimba mfereji."

Na mimi, badala ya kunyamaza (mdomo wangu huu utaniua), nikamjibu, "Mwanzoni ndiyo uko hivyo, mzee, ukisonga mbele unakuwa mzuri." Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ni Mama Nanzia peke yake ambaye hakucheka.

Hukumu ikatoka palepale: mpaka zamu yake nyingine ifike, nimchotee maji ya mfereji kwa ndoo, asubuhi na jioni. Wiki nzima nilipanda na kushuka, shingo inauma, wanakwaya wenzangu wakinikuta njiani wananiuliza nimefika leveli ya ngapi. Nilimwomba Mama Nanzia msamaha siku ya kwanza, akajibu "nimesikia", akaendelea kupalilia. Lakini ndoo si ndiva. Mistari ya karibu ilipona, ya mbali ikakauka mbele ya macho yangu.

Baada ya mavuno akaniita kwake. Nikaenda roho mkononi, nikakuta amepika makande, akanipakulia bakuli limejaa, tukaanza kula. Kijiko cha kwanza mahindi. Cha pili mahindi. Cha tatu mahindi. Nikaja kukutana na haragwe la kwanza bakuli likiwa limebaki karibu nusu, nikamtazama, naye akanitazama bila hasira yoyote.

"Kula, mwanangu," akasema. "Ndiyo maharage yaliyopatikana."

Nilimaliza bakuli lile lote. Tangu hapo, nikikabidhiwa kitu cha mtu, simu inabaki kabatini mpaka nikirudishe kwa mwenyewe, na hata ikiita iite.