Habari ya Mireille Haipiti Kwenye Grupu

Papa Athanase aliweka sufuria kubwa ya ugali katikati ya chumba, akasema kila mtu atie simu yake humo.

Watu walitazamana. Walikuja kulia na mwenzao, sasa wanapokonywa simu kama wafungwa. Mke wa Athanase, Mireille, alikuwa amekufa hospitalini asubuhi hiyo. Chumba chao kilikuwa nyuma ya nyumba moja ya mtaa wa Glenwood iliyojaa wanafunzi wa chuo, na viti vya wanafunzi vilikuwa vimeazimwa vyote.

"Hata mimi, Papa?" aliuliza Steve. Steve ndiye rais wa mutuelle, chama cha kusaidiana cha Wakongo wa Kalemie walioko Durban. Aliacha malori yake Clairwood akaja mbio.

"Wewe wa kwanza."

"Lakini annonce ya kifo iko tayari. Photo ya mama, jina, mshumaa. Nabonyeza tu."

"Hubonyezi."

Grupu la simu la mutuelle lilikuwa na watu wa Durban, wa Lubumbashi, na wa Kalemie kwenyewe. Na huko Kalemie mama yake Mireille, Mama Ernestina, alikuwa hai, mzee wa kutembelea fimbo, hajui lolote. Athanase hakutaka ajue kifo cha mtoto wake kwenye kioo cha simu ya mpita njia. Hilo tu. Kwa hilo angegombana na Durban nzima.

Ujanani Athanase alikuwa mpeleka simu wa posta ya Kalemie. Simu za maandishi, zile za zamani. Mtu anatoa maneno machache kule, fundi anayagonga, waya unayachukua mlima na bonde, na fundi wa huku anasikiliza na kuyaandika kwenye karatasi. Kabla ya waya, habari ilikwenda kwa miguu ya watu na kwa meli. Marehemu alizikwa, majani yakaota kaburini, ndipo ndugu zake wakajua. Waya ukaja, kifo cha asubuhi kikafika jioni. Na kwa kuwa kila neno lililipiwa, watu walisema mifupa mitupu: Baba hayupo. Njoo.

Athanase hakujua kusoma. Fundi alimwambia kwa mdomo: hii ya mtoto kuzaliwa, hii ya kilio. Naye akapanda baiskeli. Lakini akikata kona tu, wanawake walianza mayowe. Kwao baiskeli ya posta ilikuwa jeneza lenye magurudumu. Akajitungia desturi yake. Habari ikiwa njema, anapiga mluzi tangu mbali. Ikiwa ya msiba, anaacha baiskeli kwa jirani na kumnong'oneza. Jirani anaingia kuomba chumvi. Mwingine anafuata kuomba moto. Nyumba inajaa polepole. Wakishakaa karibu, karibu ya kumdaka mtu anayeanguka, ndipo Athanase anaingia na karatasi.

Mkubwa wake alimfokea kwamba anachelewesha simu za serikali.

"Kata mshahara," Athanase alimjibu. Mshahara ukakatwa. Desturi ikabaki.

Mireille alimpendea ule mluzi. Alisema huyu ndiye mtu wa serikali pekee ambaye unajua anacholeta kabla hajafika.

Vita vikaja. Waya ukakatwa watu wakafanya bangili, nguzo zikapikiwa maharage. Ikafuata foni, ile redio ya betri ya gari, ambayo mtu anapewa msiba wake mbele ya foleni nzima, na akishalia lazima aseme "à vous", zamu yenu, ili mwenzake wa upande wa pili aweze kujibu. Athanase na Mireille wakakimbia, nchi baada ya nchi, mpaka Durban, Athanase akawa mlinzi wa magari kwenye maegesho. Na sasa kila mtu ana posta mfukoni, na hakuna anayekwenda kwa jirani kwanza.

"Papa, tunakuheshimu," Steve alisema. "Lakini watu wakichelewa kujua, watasema tumewaficha. Na mazishi yanataka watu."

"Watajua. Baada ya mama."

"Eish, huyu mzee," mmoja aliguna mlangoni. "Anafikiri mtandao ni shamba lake."

"Kilio ndicho changu. Weka simu."

Valérie, aliyeuza mboga na Mireille miaka mingi, alitupa yake. "Tieni, bana! Mnaogopa nini? Sufuria itasoma message zenu?"

Wakacheka kile kicheko cha matanga. Simu zikaanguka moja moja. Steve alitia ya mwisho, mdomo ameuvuta.

Ikabaki ya Athanase, ya vibonye. Alikuwa anaishika atafute namba ya Kalemie, akaingia Kidawa, mwanafunzi wa Kitanzania aliyepanga chumba cha mbele.

"Shikamoo, mzee. Poleni sana. Nimeona kwa Doudou."

"Umeona nini kwa Doudou?"

Doudou, mmoja wa mutuelle, alikuwa bado kazini kiwandani Mobeni. Valérie alikuwa amempigia mapema aombe ruhusa aje. Ruhusa hakupata, akaweka picha ya Mireille kwenye status ya simu yake na moyo uliopasuka.

"Unaona, Papa?" Steve alisimama. "Imetoka! Nipe simu yangu, angalau isemwe vizuri."

"Kaa."

"Mais Papa, imetoka!"

"Imetoka kwa Doudou. Haijafika kwa mama. Kaa!"

Akampigia Grâce, mjukuu wa Mama Ernestina anayeishi naye, msusi wa nywele sokoni. Grâce, aliyezoea kumwita tonton, mjomba, alipokea akilia. Alikwishaona.

"Bibi iko wapi?" Athanase aliuliza.

"Iko nyumbani, peke yake. Naenda sasa hivi, tonton, nakimbia..."

"Usiende."

"Tonton!"

"Hauingii kwa bibi na macho hayo. Osha uso. Pita kwa jirani wa kushoto, pita kwa wa kulia, pita kwa mama pasteur wa kanisa. Waingie mmoja mmoja, wakae. Wewe wa mwisho. Unakaa chini, unamshika mukono, ndo unasema."

"Na mtu mwingine akitangulia?"

"Basi kimbia kwa majirani. Bila kulia."

"Sitaweza, tonton."

"Utaweza. Mimi niliweza."

Akakata. Sufuria ilianza kunguruma, simu zikitetemeka ndani. Doudou alikuwa ameamsha ulimwengu. Mikono ikanyooka. Athanase aliifunika kwa mfuniko, akaweka mguu juu.

"Watu wangu wananipigia," Steve alisema.

"Wapige."

"Na kama Grâce amechelewa? Utakuwa umetufungia bure."

"Nitakuwa nimeshindwa huku nakataa. Sitashindwa huku nimekubali."

Steve aliona hasira ya mzee, naye akabaki na yake. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Valérie aligawa chai. Sufuria ilitetemeka chini ya kiatu.

Simu ya vibonye ikaita.

"Mukwe." Ilikuwa sauti ya Mama Ernestina mwenyewe.

"Mama."

"Nimeona wanawake wa barabara yetu wanaingia, wanakaa, na hakuna hata mmoja anasengenya mtu. Nikajua. Nikauliza, ni nani wangu? Grâce akanikamata mukono, akasema."

Nyuma yake wanawake walisikika wakilia.

"Nimeanguka, mukwe. Lakini sikufika chini."

Athanase aliibana simu sikioni.

"Na wewe?" aliuliza mama. "Nani amekushika?"

"Niko, mama."

"Sijauliza kama uko."

Steve alikuwa karibu, akalisikia swali. Alivuta kiti chake kikakwaruza sakafu, bado amenuna, akamkamata mabega kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayezuia mzigo usidondoke.

"Nani huyo nasikia?" aliuliza mama.

"Steve, mama. Mbishi mmoja wa hapa."

"Vizuri. Mbishi haachii. Basi lia."

Athanase akalia.