Kitovu cha Mtoto wa Keji

Watu wa Langas, Eldoret, walimjua Tryphosa Waithira kama mama asiyekuazima hata kiberiti bila kukufuata mpaka mlangoni. Usimlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Waithira alikuwa ameumwa mara mbili. Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, shamba la marehemu mumewe kule Nyeri liliandikwa jina la shemeji. Akaja Eldoret, akakamua ng'ombe wa mzungu miaka kumi, mpaka mzungu akauza shamba na kumwambia afungashe. Alipogawiwa ekari moja na chama cha kununua mashamba, aliapa haitamtoka tena. Lakini karatasi hakuwa nayo bado. Mpimaji alikuwa hajafika, na ilisemekana ataandika jina la yule atakayemkuta anaishi pale.

Basi mwaka wa 1971 Pasta Nderitu akamletea mgeni. Kanisa lilikuwa likiwasaidia wakimbizi wa vita vya Sudan, na akina mama waligawana mzigo: huyu blanketi, yule unga. Waithira aliombwa kile kibanda chake cha nyuma. Angekataaje, naye ametajwa mbele ya kanisa zima?

"Ni miezi mitatu tu, Mama Kabiru," pasta alimwambia.

Miezi mitatu ikapita, na mwingine juu yake. Mgeni aliitwa Keji, mwanamke mrefu, mpole, mwenye mimba, na Kiswahili alichojifunza kambini Uganda. Kila asubuhi alifagia uwanja kabla Waithira hajaamka. Waithira akaona hiyo ndiyo dalili yenyewe. Nani hufagia kwa bidii hivyo uwanja usio wake?

Mwezi wa tano Keji akajifungua mvulana, akizalishwa na jirani yao Jeruto. Wiki moja baadaye Waithira alichungulia dirishani, akamwona Keji ameinama nyuma ya kibanda. Alichimba, akafukia kitu, akaupigapiga udongo kwa kiganja. Kitovu! Kitovu cha mtu kikizikwa mahali, yeye ni wa mahali pale, na wazee wakiamua kesi ya shamba huuliza hilo.

"Nilijua!" alimwambia Jeruto. "Wamepanda mtu kwangu."

Jeruto, ambaye babu yake alichunga ng'ombe papo hapo kabla ya mzungu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Na wewe je, si ulikuja na watoto watano ukawapanda hapa?"

Waithira hakuona cha kuchekesha.

Kesho yake Keji alipoenda mtoni, mtoto mgongoni, Waithira alishika jembe. Alichimba, akachambua udongo kwa vidole, akapata mbegu za bamia zilizoanza kuvimba. Bamia tupu! Alikuwa bado amepiga magoti pale, mikono imejaa tope, Keji aliporudi na debe lake la maji.

Keji aliangalia shimo, akamwangalia mwenye jembe. Alitua debe, akaingia ndani, akatoka na mkebe wa kakao. Ndani yake, kwenye kitambaa, mlikuwa na kitovu cha mtoto, kimekauka.

"Unatafuta hii, Mama? Hapa siwezi kuzika. Nikizika hapa, atakuwa mtu wa hapa. Mimi nataka yeye arudi Yei, kwetu Sudan, kwa baba yake."

Waithira aliona haya, haya ya kumwasha mwili mzima. Kila siku alikuwa amemhesabu kuwa mwizi mtu ambaye hakutaka kwake hata kipande cha kufukia kidole. Alizifukia zile mbegu moja moja, kwa mkono wake. Tangu siku hiyo walikula chungu kimoja.

Mwaka uliofuata amani ikapatikana Sudan. Keji akaondoka, mtoto mgongoni, mkebe kifuani, na Waithira akamsindikiza mpaka stesheni.

Mpimaji alikuja miezi mingi baadaye, na kitabu chake na vigingi. Alizunguka ekari nzima, akasimama mbele ya kibanda cha nyuma, mlango umefungwa kwa kamba.

"Mama, kuna mtu mwingine anaishi hapa?"

Ndilo swali alilokuwa akiliogopa tangu Keji aingie.

"Hakuna," Waithira alisema. Mpimaji akaandika, na Waithira akageuka upande asionekane akilia.