Nyota Zilizoishia Njiani

Nakumbuka asubuhi moja pale Bariadi, mwanangu, nilipokuwa na simu sikioni nikageuka bubu, na ububu wenyewe ukawa ndio msaada. Nakuandikia wewe, mtoto wa jirani yangu hapa Binza, kwa sababu jana ulikuja kujigamba kwamba umeajiriwa kitengo cha takwimu, na ulivyokuwa unatembea nilijua unadhani kazi hiyo ni kubonyeza tu. Hebu tulia usome.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu ni wa Mwanhuzi, kwao ni wafugaji wa Kisukuma wanaoshika mila, na kwa mila yao mke hatamki jina la mama mkwe wake. Si mbele yake tu, popote. Mimi niliyekulia dukani mjini nilicheka mwanzoni. Lakini nikazoea, nikawa namwita mayu, yaani mama, na hata akipita mtu mwingine mwenye jina kama lake nilimwita "yule wa kisimani". Mwisho ulimi wenyewe ukawa unakwepa bila kuambiwa.

Kazi nilifanya na Rehema, binti wa mwenye duka la vitenge sokoni, katika ofisi ya mfuko mmoja wa matibabu wa wakulima wa pamba. Mfuko huo haupo tena, usijisumbue kuutafuta. Taarifa za wanachama zilikaa kwenye kompyuta kubwa ya makao makuu, mashine ya zamani iliyojaza chumba, na sisi tulizifikia kwa skrini nyeusi yenye herufi za kijani. Kila kaya ilikuwa na rekodi yake, mstari mmoja. Unaanza na mkuu wa kaya, kisha wategemezi wake mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina lake na ugonjwa aliotibiwa. Mwenye mke na mtoto mmoja, mstari mfupi. Mwenye wake wawili, watoto wa kujaza trela na mama mzee juu yao, mstari unakwenda weee hadi unachoka kuufuata.

Sasa makarani wa wilaya zote waliitwa Bariadi kwa mafunzo. Ilitakiwa waone ukutani, kwa projekta, rekodi zilivyo, ila majina na magonjwa yawe yamefichwa. Kazi ya kuficha tukapewa mimi na Rehema. Tukaandika programu ya kuhesabu herufi: ukifika hapa weka nyota, ruka, ukifika pale weka tena nyota. Tukafungua ukurasa wa kwanza. Wote walikuwa wafanyabiashara wa mjini wenye kaya ndogo, na nyota zimekaa vizuri ajabu. Tukapongezana kwa soda, Rehema akaenda ukumbini kulifungua faili huko.

Mimi nilibaki ofisini, na kwa kukosa la kufanya nikawa nashuka na kurasa. Nilipofika watu wa Meatu, wilaya ya akina mume wangu yenye kaya kubwa, nikaona nyota zimepotea njia. Zimefunika tarehe, zimekata jina katikati, na mbele zaidi hazipo kabisa. Nikafika kwenye rekodi ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Wake zake, watoto wake, na mwisho kabisa wa mstari, peupe, mama yao. Jina lote. Pembeni yake pameandikwa kifafa.

Sikujua, mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniambia. Kule wapo mpaka leo wanaouona ugonjwa huo kama mkono wa mtu, na mwanamke mzee akishajulikana anaanguka, watu humwangalia kwa jicho jingine. Makarani wa Mwanhuzi walikuwa wameshaingia ukumbini, na mmoja wao boma lake linapakana na la mayu.

Nikampigia mkuu wetu, Mzee Masunga, aliyekuwa ukumbini na Rehema. Alikuwa mtu mpole, ila hakupenda kuaibika mbele ya wageni.

"Mzee, msifungue hilo faili. Majina yanaonekana."

"Yanaonekana wapi? Rehema kanionyesha hapa, nyota tupu."

"Huo ni ukurasa wa kwanza, mzee."

"Watu wamekaa, mama. Wengine wametoka Mkula alfajiri. Nisomee hata jina moja unaloliona, nijue ni kweli."

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Utaniuliza kwa nini sikusoma jina jingine, maana yalijaa. Hata mimi nimejiuliza miaka yote. Macho yaligoma kutoka pale.

"Haloo? Umekata?"

"Nipo, mzee."

"Basi soma."

"Siwezi kulitamka."

Nikasikia viti vikiburutwa upande wa pili, mtu anacheka, mwingine anauliza chai iko wapi. Kisha Mzee Masunga, ambaye naye ni Msukuma aliyelelewa na mama yake kwa mila hizo hizo, akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni mkwe?"

"Ndiyo, baba."

"Basi usilitaje. Rehema! Zima hiyo mashine. Zima sasa hivi."

Nililia, mwanangu. Nililaza kichwa mezani nikalia kwa nafuu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji baada ya mlima. Wageni waliambiwa umeme unasumbua, na hakuna aliyeshangaa. Walikunywa chai ndefu.

Alasiri mzee alituita wote wawili. Hakufoka.

"Wewe," akaniambia, "ukisimulia habari nyumbani, jina la mkweo unalikwepaje? Unahesabu maneno, ukifika la tano unanyamaza?"

Rehema akaanza kucheka. Mimi nikasema, "Hapana, mzee. Likija nalijua."

"Likija mwanzo?"

"Nalijua."

"Likija mwisho kabisa, umeshachoka kusimulia?"

"Nalijua tu."

"Basi nendeni mkaifundishe mashine ilijue."

Tukakaa, tukaandika upya. Kumbe kila rekodi, pale mwanzoni, ilikuwa inasema yenyewe ina wategemezi wangapi, sisi tu hatukuiuliza. Safari hii programu ikaisoma hesabu hiyo, ikatembea mtu kwa mtu hadi wa mwisho, kila jina ikalibadilisha kwa jina la bandia na kila ugonjwa ikaufunika. Tukakagua tukianzia na kaya ndefu kuliko zote. Nililala usingizi mzuri siku hiyo.

Mume wangu sikumwambia nilichokiona, wala mayu sikumuuliza. Nilikwenda Mwanhuzi kama kawaida, nikapiga goti nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia akacheka kwa Kisukuma changu cha dukani. Miaka ikapita. Siku moja tunachambua choroko, akaniambia mwenyewe kwamba huwa anaanguka, na kwamba kati ya wakamwana wake mimi ndiye wa kwanza kuambiwa. Niliipokea kama habari mpya. Na ilikuwa mpya kweli, maana safari hii nilipewa na mwenyewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukipewa kazi ya kuficha habari za watu, usiridhike na ukurasa wa kwanza. Iulize kila rekodi ina watu wangapi kabla hujaigusa, kisha uifuate hadi inapoishia, kwa sababu huko mwisho ndiko walikobanwa akina mama wazee ambao hawatakuja ofisini kukulalamikia. Na ukiiona siri ya mtu kwa bahati mbaya, ifunge hapo hapo, umwachie yeye aitoe au afe nayo.

Mungu akuweke vizuri katika kazi yako, akupe wakubwa wanaoelewa mtu akinyamaza, na macho yasiyochoka kabla mstari haujaisha. Mayu amelala kwao Mwanhuzi sasa. Kabla hajaondoka aliniruhusu niisimulie habari ya ugonjwa wake kwa vijana. Jina lake nimeliacha, kama tulivyozoeana.