Maksai wa Chambo

Siku yangu ya kwanza kazini tulifika wawili, mimi na maksai wa baba. Nyapara wa doria ya mbung'o pale Rungwa hakuniuliza jina. Alimzunguka ng'ombe, akampapasa nundu, akamfunua mdomo, kisha akasema, "Mweusi, mpole, ana damu. Huyu ameajiriwa." Vibarua wakacheka. Ndipo akanigeukia: "Na wewe utamshika kamba."

Ndivyo nilivyoingia kazi ya mbung'o, vijana, na msinicheke. Ninyi mnatafuta kazi kwa simu huku mmelala chali. Sisi, miaka ile ya mwanzo baada ya Uhuru, tulitafuta kwa miguu. Ukame ulikuwa umetumaliza kwetu Ilongero. Uwele uliungua shambani, ng'ombe waliisha zizini mmoja baada ya mwingine, na mke wangu Eliza alikuwa mjamzito. Nilizunguka Singida mjini, nafasi hakuna. Nikapanda hadi misheni ya Kilimatinde, nikaomba hata kuchota maji tu, wapi! Nikiwa Manyoni stesheni, tumbo tupu, nikakutana na nyapara huyo.

"Kazi ipo Rungwa," aliniambia. "Ila ng'ombe wetu wa chambo wamekufa, na kule hakuna anayefuga. Njoo na ng'ombe, nakuandika siku hiyo hiyo."

Niwaeleze chambo. Mbung'o hunyonya damu, na akiwa na vijidudu humwachia ng'ombe ugonjwa wa nagana, na mtu humwachia malale. Ili kujua wamejaa wapi, watu wa doria walipita njia iliyokatwa porini wakimtanguliza ng'ombe. Mbung'o akitua mgongoni, mshika wavu anamnasa na kumtia kwenye chupa. Hivyo mabwana wakubwa wakajua pori lipi lifyekwe kwanza. Ilikuwa kazi nzuri kwa kila mtu isipokuwa ng'ombe.

Nyumbani alibaki maksai mmoja, na huyo hakuwa wa kuuza wala wa kulimia. Enzi zile kwetu mzee wa boma alizikwa ndani ya ngozi ya maksai wake mwenyewe. Baba alimchagua huyo tangu ndama. Wakati wa ukame alimlisha hata majani ya kitanda chake. Basi niliporudi kutoka Manyoni sikuthubutu kumwomba. Nilieleza tu maneno ya nyapara.

"Akienda atarudi?" baba akauliza.

"Hapana, baba. Kule ng'ombe hawarudi."

Eliza alidakia kutoka jikoni, "Usimpe, baba! Bora tuhame sote, tukalime vibarua Babati."

"Na tumbo hilo, mwanangu? Utafika Babati?" Kisha baba akaniambia, "Mpeleke. Ila ngozi yangu uniletee."

Nililia. Mtu mzima, mwenye mke, nililia mbele ya baba yangu, na wala sioni haya kusema.

Kule Rungwa nilielewa haraka masharti yangu. Nyapara aliyasema bila kupepesa macho: "Ng'ombe akiisha, na kibarua kimeisha." Kwa hiyo kila tukitoka doria nilimkatia majani, nikamchotea maji, nikamkanda miguu. Wenzangu walinitania kwamba nimeoa mke wa pili. Wacha watanie. Maksai alikonda, manyoya yakasimama, macho yakawa yanatoa machozi mfululizo. Alianguka njiani katikati ya doria, kamba ikiwa mkononi mwangu.

"Pole," nyapara akasema. "Una mwingine?"

"Sina."

"Basi rudi kwenu."

Nilimwaza Eliza na mtoto aliyekuwa karibu kuzaliwa. Nikamwambia nyapara, "Mkuu, hata mimi nina damu."

"Usije ukanilaumu," akasema, akanifunga kitambaa cheusi mgongoni, maana mbung'o hupenda cheusi. Kuanzia siku ile nilitangulia mimi. Mbung'o anauma jamani! Anapenya kaniki kama sindano ya gunia. Mwenzangu mmoja aliyetangulia kama mimi alipata malale, akawa anasinzia na sahani ya ugali mkononi, hadi akafa. Mimi nilipona tu, sijui kwa nini.

Ngozi niliipeleka nyumbani mara ya kwanza nilipopewa ruhusa. Baba aliipapasa pole pole. "Mmemchuna vizuri," akasema, akaihifadhi juu ya boriti za tembe, penye moshi. Eliza alikuwa amejifungua msichana. Siku hiyo tulikula, tukashiba.

Miaka ikapita. Bwana Mbung'o, yaani afisa wetu, aliniita akanipa ajira ya kudumu pamoja na blanketi la kazi. "Ulikuwa ng'ombe," akasema, "sasa kuwa mtu." Akanipeleka kizuizi cha barabara ya Itigi, kukagua magari na wapita njia wasitoke na mbung'o.

Nilikuwa huko watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa. Lori lilifika kwetu mchana, kila nyumba ikabeba ilichoweza. Eliza alinisimulia jinsi baba, akiwa mgonjwa, alivyonyosha mkono kuelekea tembe akitaka ngozi yake. Wakamwambia lori litarudi. Halikurudi. Nilipopata likizo nilikimbilia kule nikakuta paa limebomoka, mvua imeingia, na mchwa wamekula ngozi yote. Nilipata kipande cha ukubwa wa kiganja, chenye manyoya meusi.

Nilimfunika baba kwa lile blanketi la kazi, maana kijiji kipya kilikuwa na upepo mkali. Akalishika pindo.

"Hili nalo," akasema, "limetoka kwa maksai wangu."

Alipofariki, ndani yake ndimo tulimomzika.

Nimestaafu, nimerudi Ilongero, wanangu wote wamesoma kwa kazi ile ya mbung'o. Sijutii, lakini nisiwadanganye kwamba inasahaulika. Nina maksai mmoja mweusi. Halimi, simuuzi, na kila mnunuzi anayekuja kutoka mnadani namfukuza. Mimi mwenyewe kanisa litanizika kwa jeneza, hilo tumeshaelewana.

Wajukuu huniuliza, "Babu, huyu ng'ombe ni wa nini?"

Nawaambia ni wa baba yangu.

"Lakini si alishakufa zamani?"

Najua. Nilimzika mimi mwenyewe.