Samaki wa Mbwa

Nilizaliwa Shasha, kando ya ziwa, nikaolewa Nyabiondo, milimani. Kwetu wavuvi wakikung'uta nyavu za sambaza, dagaa wa ziwa letu, huanguka humo visamaki vingine vya miiba mingi ambavyo havina mnunuzi. Vinaachwa ufukoni vioze. Uharibifu hunikera mpaka leo, kwa hiyo kila nilipokwenda kusalimia wazazi nilirudi na mfuko wa visamaki hivyo. Nilivikausha, nikavisaga na unga wa muhogo, nikafinyanga vitonge na kuvitundika juu ya moshi wa jikoni. Vilikuwa tuzo ya mbwa wa mume wangu, mbwa wa kuwinda mwenye kengele ya mti shingoni. Akikamata windo, anapewa kimoja.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mzaha. "Imbwa njo alikuoa, hapana mutoto yangu," alikuwa akiniambia. Lakini kinu chake hakunipa. "Kinu ya bantu haiwezi twanga chakula ya imbwa." Nikasagia juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikinung'unika.

Risasi zilipolia upande wa Bihambwe tulikimbilia misitu ya Walikale. Katika haraka ile nilibeba watoto, sufuria na ule mfuko wa vitonge. Huko tulikula viazi vya porini na sombe, majani ya muhogo ya mashamba yaliyoachwa na wenyewe, bila mafuta, bila chumvi. Mama mkwe alionja kidogo, akasema ameshiba. Alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu.

Siku moja, mume wangu akiwa amekwenda kuwinda na mbwa wake, nilivunjavunja vitonge vile ndani ya sombe. Mama mkwe alikula yote. Akaninyooshea sahani.

"Ongeza, mutoto yangu."

Nilifurahi mno. Nilipokuwa ninapakua akauliza, "Iko samaki gani?"

Ningesema sambaza. Neno lilikuwa karibu kabisa.

"Iko zile za imbwa, Mama."

Hakunifokea. Alisukuma sahani, akanawa mikono. Tangu hapo hakugusa tena chakula cha sufuria yangu, hata nilipopika majani matupu na kumwapia kwamba hamna samaki. Alijichomea kiazi kwenye majivu, mara nyingine hakikuiva, akakitafuna hivyo hivyo. Nilimbembeleza, nikalia. "Aksanti, nimeshiba," alisema kwa upole. Wanasema msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Mimi ninajuta kwamba siku ile sikudanganya.

Tulimzika huko huko msituni, kabla njia ya kurudi haijafunguka. Baada ya mazishi mume wangu aliketi karibu nami.

"Ungemuambia tu iko sambaza," alisema, bila hasira. "Pengine angekula kidogo."

Nikamwambia alikuwa amekwisha kumaliza sahani nzima, na ameomba nimwongezee. Hilo hakulijua. Aligeuza uso, na hatukulizungumza tena.